Pini Moja kwa Nyumba Nzima: Kisa cha Mtoto Mwenye Funza

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo ya kijijini, upande wa bara wa pwani ya Kenya, kule ambako mnazi unaanza kuadimika na mbaazi na mihogo inashika shamba. Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya wa vijiji na walimu. Jina la mtoto si lake. Nitamwita Katana, jina ambalo huku ukiliita sokoni wanageuka watu kumi. Kijiji, shule na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yeye au jamaa zake nimeyaondoa au kuyabadilisha. Hesabu za vidonda nimeziacha kama zilivyo kwenye daftari langu.

Usuli: mdudu na nyumba

Funza, ambaye kamusi humwita pia tekenya, ni kiroboto mdogo mno, urefu wake kama milimita 1 tu. Dume hunyonya damu akaenda zake. Jike hujichimbia katika ngozi, kichwa ndani na mkia nje, na hapo hapo ndipo anapoishi na kufia. Kwa muda wa wiki moja au mbili tumbo lake hufura kwa mayai mpaka likawa kama punje ya mbaazi. Kwa nje unaona duara jeupe lenye kitone cheusi katikati. Kile kitone ndicho mkia: kwa tundu lile anapumua, anajisaidia na anatoa mayai, zaidi ya 100 kwa jumla. Akimaliza kuzaa anakufa, na ngozi inamsukuma nje pole pole. Tangu kuingia hadi kutoka ni kama wiki 4 hadi 6.

Mayai huanguka pale mtoto anapokaa na kulala. Siku 3 au 4 yanaanguliwa, mabuu yanaishi katika vumbi la juu la sakafu yakila takataka ndogo ndogo, na baada ya wiki 3 hivi kiroboto kipya yuko tayari kutafuta unyayo. Hesabu hiyo ya wiki 3 iwekeni akilini, maana ndiyo iliyonisuta baadaye.

Wazee wetu wengi wanaamini funza ni wa tangu na tangu. Sivyo. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 aliingia Angola na meli iliyotoka Brazili, akasambaa na misafara ya watu na mizigo, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekata bara zima hadi mwambao wetu.

Sasa nyumba. Katana alikuwa na miaka 9, yuko Gredi ya 3. Alikuwa akiishi na nyanya yake mzaa mama na wadogo zake wawili, wa kike miaka 5 na wa kiume miaka 3. Mama yao anafanya kazi za nyumbani Mombasa, anatuma pesa mwisho wa mwezi na kuja Krismasi. Kuta za udongo, paa la makuti, sakafu ya vumbi. Mbuzi wanne wanafungwa ukumbini usiku kwa kuogopa wezi, na kuna mbwa mmoja ambaye hafungwi. Watoto wanalala chini, juu ya mkeka. Maji yananunuliwa kwa mtungi.

Haya ya nyumba siku ile ya kwanza sikuyajua hata moja. Sikuuliza.

Siku ya kwanza

Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, vumbi mpaka kwenye kope. Mhudumu wetu wa afya wa kijiji alimleta Katana kwa bodaboda baada ya mwalimu wake kumpigia simu. Mwalimu hakuona vidonda. Alichoona ni kwamba mtoto haendi tena uwanjani wakati wa mapumziko, na akiitwa ubaoni anatembea kwa visigino, vidole vimeinuliwa juu kama anayevuka dimbwi la maji. Alipomwambia avue viatu, Katana alilia kabla ya kuguswa.

Akanisalimu "shikamoo" akitazama chini. Nilimkalisha, tukaosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu kabla ya kuosha huwezi kuhesabu chochote. Nilihesabu vidonda 37: mguu wa kushoto 21, wa kulia 16. Vingi vilikuwa kuzunguka kucha na ukingoni mwa visigino. Vingine vilikuwa na duara jeupe na kitone chake, funza hai. Vingine vilikuwa vigaga vyeusi vya funza waliokufa. Kucha mbili za mguu wa kushoto zilikuwa zimeng'oka. Kidole gumba cha mguu huo kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na ukikibonyeza kidogo usaha unatoka pembeni ya ukucha. Mtoki ulikuwa umemtoka kwenye nena la kushoto. Joto lilikuwa 38.2.

Halafu kulikuwa na alama nyingine ambazo si za funza. Mistari na matundu ya kukwaruzwa, mengine mabichi. Nikamuuliza ni nani anayemtoa funza.

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini si nyanya?"

"Nyanya haoni."

Jibu hilo niliandika kwenye daftari. Halikunifanya nifikirie zaidi, na hilo ni kosa la kwanza katika kisa hiki.

Tulichoamua, na sababu zake

La kwanza lilikuwa usaha. Funza aliye hai hamuui mtoto, lakini kidole chenye usaha, mtoki na homa vinaweza kumfikisha pabaya. Tulimpa antibayotiki ya siku 7 kwa uzito wake, na parasetamoli. Tulikisafisha kidole, hatukukipasua kwa kuwa usaha ulikuwa unajitafutia njia wenyewe.

La pili lilikuwa pepopunda. Vidonda vya funza vikichanganyika na udongo na mavi ya mbuzi ni mlango wazi wa ugonjwa huo. Kijitabu chake cha kliniki kilikuwa kimeliwa na mchwa, hakuna aliyejua alichanjwa mara ngapi. Asiyejulikana tunamhesabu kama hajachanjwa. Akapigwa sindano siku hiyo, na ya pili ikaandikwa baada ya wiki 4.

La tatu ndilo lililoleta ubishi hata kati yetu. Mwenzangu alitaka tuwatoe wale funza hai kwa sindano safi tukamalize kazi. Nyanya naye, alipofika mchana kwa miguu, alishangaa kuona hatujatoa hata mmoja. "Mwanangu, hospitali gani hii isiyotoa funza?" Namwelewa. Kwa watu wetu kutibu funza ni kumchimbua. Ukimwacha ndani ni kama umemwacha nyoka chini ya kitanda.

Nilikataa kwa sababu tatu. Kumtoa funza mmoja mzima bila kumpasua ni kazi ya mtu mwenye jicho, mkono mtulivu na mwanga. Kwa 37, kwenye miguu ya mtoto anayelia, wengi wangepasukia ndani, na funza aliyepasukia ndani huacha uvimbe na usaha kuliko aliyeachwa. Pili, kila shimo unaloacha ni kidonda kipya kinachorudi kukanyaga vumbi lile lile. Tatu, siku zake zimehesabiwa: atakufa hata usipomgusa. Tunachohitaji ni kumwahi kabla hajamaliza kutaga.

La nne lilikuwa dawa yenyewe. Tulichokuwa nacho kabatini ni permanganeti ya potasiamu, dawa ya zambarau. Tulipima nusu gramu kwa lita moja ya maji, tukakoroga mpaka hakuna chembe iliyobaki, kwa sababu chembe isiyoyeyuka inachoma ngozi. Miguu ililowekwa kwenye beseni dakika 15, ikakaushwa, ikapakwa Vaseline. Tukapanga arudi siku ya 5 na ya 10.

Siku kumi za zambarau

Siku ya 5 alirudi. Homa imeshuka, usaha umekauka, mtoki umepungua. Nilifurahi, nikajipa maksi.

Siku ya 10 hakuja. Siku ya 11 mwalimu alipiga simu: Katana hajaonekana shuleni kwa siku nne.

Asiyewahi kutumia permanganeti huenda hajui kwamba zambarau ile ikikaa kwenye ngozi hugeuka kahawia iliyokolea, na haitoki kwa sabuni. Miguu ya Katana, kutoka vidole hadi juu kidogo ya kifundo, ilikuwa na rangi ya hina. Huku pwani hina ya miguuni ni ya nani? Watoto wenzake hawakukawia. Walimwita bi harusi. Wakaimba na vigelegele wakapiga. Mtoto aliyekuwa akificha funza wake ndani ya viatu sasa alikuwa ametiwa muhuri na zahanati yetu ili kijiji kizima kisome.

Nimewapaka watoto wengi dawa hii na sijawahi kusikia jambo hili. Sasa naamini nilikuwa sisikii kwa sababu nilikuwa siulizi. Asiyerudi tunaandika "hakurudi", ukurasa unafungwa.

Mhudumu wa kijiji alimfuata nyumbani siku hiyo hiyo, akamkuta amekaa nyuma ya nyumba. Hakumlazimisha kuja. Akanipigia na kuniambia maneno ambayo nayanukuu kama alivyoyasema: "Sista, njoo wewe. Huku kuna zaidi."

Nyumbani

Nilifika siku ya 18. Kwa wale wanaopenda kusema "zuru nyumba ya mgonjwa" kwenye semina, nawaambia ilinichukua wiki nzima kupata siku moja ya kutoka, kwa kuwa zahanati ina wauguzi wawili na mmoja alikuwa likizo.

Ukumbini vumbi lilikuwa laini kama unga wa sembe. Ukikanyaga, alama ya mguu inabaki na kingo zake. Mkeka ulikuwa umekunjwa umeegemezwa ukutani, kandokando ya mahali mbuzi wanapolala. Na kwenye ukuta huo, usawa wa kifua cha mtoto, ilikuwa imechomekwa pini moja ya nguo, ncha yake imekuwa nyeusi.

Hiyo ndiyo pini ya nyumba. Nyanya ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Uso anautambua kwa sauti, sindano hata haioni. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula Katana ndiye aliyekuwa akikaa na koroboi, akiwachimba funza wadogo zake, halafu nyanya, halafu yeye mwenyewe. Pini ilikuwa ikifutwa kwenye kanga. Jirani akikwama huja kuiazima.

Nilikaa kimya kidogo. Mimi niliyekuwa nikitafuta nani anamtesa mtoto huyu kwa pini nilikuta kwamba yeye ndiye daktari wa nyumba. Na pini iliyopita damu ya watu wanne, watano, sita, haiishii kwenye usaha. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinajua njia hiyo.

Tulikaa nje chini ya mwembe, tukaosha miguu ya kila mmoja. Yule wa kike wa miaka 5 alikuwa na vidonda 44. Mdogo wa miaka 3 alikuwa na 19, na kati ya hivyo 4 vilikuwa kwenye vidole vya mikono na 2 kwenye matako, kwa kuwa huyu bado kazi yake ni kukaa chini na kuchezea mchanga. Nyanya alikuwa na 26, karibu vyote vikiwa kwenye visigino vilivyopasuka. Katana mwenyewe, katika ile miguu ya hina, wengi wa zamani walikuwa wamekufa. Lakini nilihesabu 12 wapya kabisa: vitone vidogo vyekundu vyenye nukta, funza waliokuwa wameingia siku moja mbili tatu zilizopita. Mayai yaliyokuwa kwenye vumbi wakati mimi nikimpaka Vaseline yalikuwa yamekomaa.

Nikamuuliza nyanya, kwa upole nilioweza, kwa nini hakuwaleta wale wadogo. Alizungusha maneno kwanza. Kisha akasema mwaka uliopita kuna watu walikuja kijijini na kipaza sauti, wakasema funza ni ugonjwa wa uchafu, na mzazi anayeacha watoto waliwe na funza atashtakiwa. "Mimi ni mchafu, mwanangu? Hii nyumba nafagia mara mbili kwa siku." Ni kweli anafagia. Nilimwona akifagia. Anafagia makavu, vumbi linapaa na kushuka tena, na mabuu yanabaki pale pale.

Kulikuwa na maneno mengine pia, ya jicho baya na ya deni la mahari lisilolipwa. Niliyasikiliza. Sikubishana nayo wala sikuyakubali. Niliwaonyesha wote funza mmoja kupitia kioo cha kukuzia, na Katana akatazama kwa muda mrefu kuliko wote.

Duru ya pili

Tulibadili mpango wote, na safari hii tuliupanga pale pale mwembeni, nyanya akiwa mwamuzi.

Kuhusu dawa, tulihamia dimetikoni, mafuta ya silikoni mepesi sana yanayotumiwa pia kwa chawa wa kichwani. Hayana sumu ya kumuua mdudu. Yanapenya kwenye lile tundu la mkiani yakaziba pumzi. Nililijua hili kwa muda. Kuna jaribio lililofanyiwa watoto wa shule hapa hapa Kenya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014, ambapo kila mtoto mguu mmoja ulitiwa permanganeti na wa pili dimetikoni. Baada ya siku 7, upande wa dimetikoni asilimia 78 ya funza hawakuwa na dalili yoyote ya uhai, upande wa permanganeti asilimia 39. Kwa nini basi sikuanza nayo? Kwa sababu haikuwepo kabatini, na sikuhangaika kuiomba kwa ajili ya mtoto mmoja. Kwa watu wanne nilihangaika, na ofisi ya afya ya kaunti ndogo ikatupatia chupa tatu zilizotolewa na wafadhili.

Dawa hii hudondoshwa juu ya kila kitone, unasubiri kidogo ikauke, unarudia, mara tatu. Haina rangi. Haiumi. Ila inashika moto kwa urahisi, jambo ambalo kwenye nyumba ya koroboi si dogo. Tukakubaliana kuipaka mchana tu, nje, mbali na jiko, na chupa ikae kwa mhudumu wa kijiji.

Nyanya aliuliza kama mafuta ya mwarobaini na ya nazi yanafaa, maana ndiyo anayoweza kuyapata mwenyewe. Swali zuri kuliko yangu yote. Mchanganyiko huo ulijaribiwa hapa Kenya ukilinganishwa na permanganeti. Kwa kuua funza havikupishana sana, ila mafuta yalituliza maumivu na uvimbe vizuri zaidi, na hayapaki rangi. Nilimwambia ayatumie kwa kujipaka miguu kila siku, aache dimetikoni ifanye kazi ya funza walioingia.

Pini tuliibadilisha na mapatano. Sikuichukua. Nilimwambia Katana kazi yake ya udaktari inaendelea, lakini sasa ni ya kuhesabu: kila jioni kabla giza halijaingia aoshe miguu ya wadogo zake, ahesabu vitone vipya, aandike nyuma ya daftari la hesabu, ampe mhudumu Jumamosi. Aliikubali kazi hiyo kwa uzito ambao ungemfaa karani wa benki.

Sakafu ndiyo iliyokuwa ngumu. Saruji ya chumba na ukumbi haikuwa ndani ya uwezo wao. Fundi mmoja wa kijiji alitupa njia: udongo wa kichuguu, mchanga kidogo, mfuko mmoja wa saruji uchanganywe humo, umwagiwe maji, ushindiliwe. Mama wa Mombasa alituma pesa ya mfuko. Majirani walikuja harambee ya siku mbili, wakiwemo wale walioazima pini. Kabla ya kumwaga udongo mpya walikwangua vumbi la juu, unene wa vidole vitatu hivi, wakalichoma na majani makavu shimoni. Mbuzi walijengewa kizizi nje kinachofungwa kwa kufuli. Mbwa aliogeshwa dawa ya viroboto. Nyayo zake nazo zilikuwa na funza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama.

Hadi sakafu ikauke, tulimwambia nyanya anyunyize maji kabla ya kufagia. Maji ya kununua, nayajua. Alitumia yale yaliyokwisha oshea vyombo.

Viatu? Katana alikuwa navyo. Shirika moja liligawa viatu shuleni mwaka uliotangulia, vyeusi, vizuri. Vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya dari, vya kanisani. Vile alivyovaa shuleni vilikuwa vya binamu yake, vidogo kwake kwa saizi mbili, ndiyo sababu vidole vilikuwa vimekaa vibaya hivyo. Nilinunua ndara mbili. Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani ndara ndiyo dawa. Mtoto anavua ndara mlangoni, analala chini, na kiroboto yuko pale.

Matokeo

Siku ya 7 baada ya dimetikoni nilihesabu tena. Kwa Katana, kati ya wale 12 wapya, 10 walikuwa wamekauka. Kwa dada yake wengi walikuwa vigaga. Mdogo aliacha kulia akiogeshwa. Nyanya alibaki na 9 hai, hasa kwenye nyufa za visigino ambako dawa haikupenya vizuri; tukarudia.

Mwisho wa Machi sakafu ilikuwa tayari. Aprili mvua za masika zikaanza.

Mwezi Mei, miezi mitatu tangu siku ya kwanza: Katana 2, dada yake 3, mdogo hana, nyanya 5. Ukucha mmoja ulikuwa unaota, wa pili ulikuwa umeota umejikunja na naona utabaki hivyo. Sindano ya pili ya pepopunda alipata, japo ilichelewa wiki mbili. Shuleni alirudi wiki ile ile rangi ilipofifia, si kabla, na hakuna maneno yetu yaliyoweza kuharakisha hilo. Mwalimu alisaidia kwa namna ambayo nisingeifikiria: alitia darasa zima permanganeti kwenye ncha ya kidole kimoja cha mkono, kama somo la sayansi. Siku mbili mabi harusi walikuwa 40.

Nyanya alipelekwa kambi ya macho. Jicho moja limefanyiwa upasuaji.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi. Kuanza na usaha na pepopunda kabla ya mdudu kulikuwa sahihi, na ningefanya hivyo tena. Kukataa kuchimbua pia, ingawa natambua kwamba tungekuwa na mtoto mwenye funza wawili tu, na muuguzi mwenye nafasi na vifaa safi, kuwatoa kungefaa. Ni wingi unaobadili uamuzi. Kupewa Katana kazi ya kuhesabu kulikuwa na faida ambayo sikuipanga: daftari lake lilikuwa sahihi kuliko kumbukumbu zetu. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba nyanya anapata wapya zaidi siku anazokaa kubangua korosho chini ya mti wa jirani.

Kilichoshindikana ni kingi zaidi. Nilitibu miguu miwili katika nyumba yenye miguu minane, bila kuhesabu ya mbuzi. Neno "nyanya haoni" lilikuwa na kisa chote ndani yake na mimi nililiandika nikapita. Laiti ningeuliza swali la pili tu, "na wewe unamtoa nani?", tungefika nyumbani wiki mbili mapema, kabla mayai yale hayajakomaa. Sasa kwa kila mtoto mwenye funza swali hilo lipo kwenye fomu yangu, nimeliongeza kwa kalamu.

Permanganeti si dawa mbaya. Ni rahisi, inakausha usaha, inapatikana. Lakini inataka beseni, maji safi na mizani, na inapaka alama. Nikilazimika kuitumia siku hizi namwambia mtoto kabla: miguu yako itageuka rangi, itakaa hivyo wiki moja mbili, tufanye sasa au tusubiri likizo ianze? Wengine huchagua likizo. Kama hakuna usaha, nawaachia.

Kuhusu wale wa kipaza sauti, sina la kuwapamba. Waliyoyasema yaliwaficha watoto wawili wenye vidonda 63 kati yao. Funza anafuata vumbi na umaskini. Mwanamke anayefagia mara mbili kwa siku ukimwita mchafu atakufungia mlango, na ana haki.

Kuna jambo moja ambalo lazima niliseme ingawa linaharibu hadithi. Huenda mvua ilifanya kazi kubwa kuliko sisi. Kila mwaka masika yakishuka funza hupungua, kwa kuwa vumbi likilowa mabuu hayastawi. Tulimaliza sakafu mwisho wa Machi, mvua ikaja Aprili, tukahesabu Mei tukashangilia. Ningeambiwa niandike kisa hiki Mei ningeandika kwamba mpango wetu umeshinda, na ningekuwa nimejipongeza kwa mawingu. Ndiyo maana nilisubiri kiangazi kirudi.

Kilirudi Januari. Nilikwenda tena, kaskazi ile ile, kope zile zile zenye vumbi. Sakafu ilikuwa imepasuka kwenye mlango ila imeshika. Pini haikuwa ukutani, sikuuliza ilipo. Dada yake alikuwa na 1, mdogo hana, nyanya 2. Kwa hiyo nyumba inafanya kazi, si mvua peke yake.

Katana alikuwa na 4, na mwenyewe ndiye aliyeniambia kabla sijavua ndara zake: "Wote wa kulia, sista. Wa darasani hawa." Akanieleza kwamba dawati lake liko pembeni kulia, pale saruji ya sakafu ilipong'oka ikabaki shimo la mchanga, na yeye akikaa huvua ndara akauweka mguu humo kwa kuwa ni baridi. Nilikwenda kuliona. Shimo lina upana wa karai. Mwalimu sasa anawaambia watoto wa zamu walimwagie maji asubuhi, na barua ya kuomba saruji iko kwa kamati ya shule tangu muhula wa kwanza.